Re: Taya linauma na kutoa mlio, je akupancha (tiba ya sindano ya Kichina) inasaidia?

Kutoka: Rehema, Leipzig

Habari zenu ndugu. Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi na zamu za usiku zimeniandama. Nikiamka taya limekaza, nikipiga miayo linalia ko! karibu na sikio, na kichwa kinagonga upande huohuo. Mwenzangu wa kazini, Mvietnam, ananisihi niende akupancha. Je, Krankenkasse, yaani bima ya afya, inalipa? Na sindano za usoni, jamani, si hatari?

Kutoka: Mama Zawadi, Bochum

Pole mwanangu. Nianze na la pesa, maana ndilo litakalokuchoma zaidi: hailipi. Tangu 2007 bima za umma hapa Ujerumani zinagharamia akupancha kwa mambo mawili tu, maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililochakaa. Taya halimo. Dai bei kwa maandishi kabla hujapanda kitandani kwao.

Ndiyo maana nasema anzia kwa daktari wa meno. Ataandika CMD kwenye karatasi zake; ndivyo matatizo ya kiungo na misuli ya taya yanavyoitwa hapa. Kama unasaga meno usingizini atakutengenezea Schiene, kile kikinga cha plastiki cha kuvaa kwenye meno usiku, na hiyo bima inalipa. Akikuletea habari za Funktionsanalyse, vile vipimo vya jinsi taya linavyofanya kazi, ujue inatoka mfukoni mwako, na si kidogo. Muulize ina ulazima gani.

Sasa sindano. Mimi nimechomwa na nitachomwa tena. Uma meno huku umeshika shavu: huo msuli unaotuna kwenye pembe ya taya ndipo penye nukta ya Jiache. Xiaguan iko mbele ya sikio, chini ya mfupa wa shavu. Halafu utashangaa wanakuchoma mkononi, kati ya dole gumba na shahada, pale Hegu, ambapo Wachina wanapategemea kwa maradhi ya uso na kinywa. (Ukiwa mjamzito sema mapema, wengi huiepuka hiyo. Ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema pia.) Sindano zenyewe ni nyembamba mno kuliko hizo mnazotolea damu wodini. Unasikia uzito fulani, kisha msuli unaachia.

Msuli, lakini. Ule mlio wangu upo mpaka leo. Unatokana na kisahani cha gegedu kuteleza ndani ya kiungo, na sindano hairudishi kisahani mahali pake. Kama mlio hauumi na mdomo unafunguka vizuri, uache ulie.

Mchomaji awe daktari mwenye neno Akupunktur chini ya jina lake kwenye kibao cha mlangoni. Heilpraktiker, wale watibabu wa tiba mbadala wasio madaktari, nao wanaruhusiwa, wapo wazuri, ila mimi napenda mtu aliyesoma udaktari akinishikia sindano karibu na jicho. Na pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano za kutumia mara moja.

Kutoka: Bakari, Hamburg

Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa fizio, tiba ya viungo na misuli, kwa hiyo mtasema navutia kwangu. Hapo kwenye Schiene sikufuati. Mwongozo uliotoka kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, mwishoni mwa 2023, kuhusu maumivu sugu ya taya, uliweka mbele mazoezi, kunyoosha kiungo kwa mikono, kukanda misuli, na tiba ya kisaikolojia ya kubadili mazoea. Akupancha ilipendekezwa pia, ila kwa tahadhari. Schiene iliangukia upande wa zisizopendekezwa, nayo kwa tahadhari. Hapa Ujerumani kila mtu anapewa!

Rehema, daktari wa meno anaweza kukuandikia fizio mwenyewe. Mwombe manuelle Therapie, tiba ya viungo kwa mikono. Utachangia asilimia 10 ya gharama na euro 10 za cheti. Huku ukisubiri: bigijii acha kabisa, kitambaa cha moto shavuni, na mchana jikague. Midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umetulia juu nyuma ya meno ya mbele. Wengi wanabana meno wakiandika ripoti ya zamu na hawajui.

Yasiyo ya kusubiri miadi: taya likigoma kufunguka au kufunga, uvimbe wenye homa, au maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana na jasho. Hilo la mwisho piga 112, namba ya dharura, huenda ni moyo. Na kwa wazee wetu waliovuka 50: maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, taya kuchoka wakitafuna, macho kufifia, ni hospitali siku hiyohiyo, macho yanaweza kupotea.

Kutoka: Mama Zawadi, Bochum

Marahaba. Schiene yangu huninyang'anyi, Bakari.

Kutoka: Rehema, Leipzig

Asanteni sana. Nimepata miadi ya meno Alhamisi. Nikishaona fizio imefika wapi ndipo nitajua kama niweke akiba ya sindano. Bakari, hiyo manuelle Therapie wanakuingizia vidole mdomoni?

Kutoka: Bakari, Hamburg

Ndiyo, wakiwa wamevaa glavu. Kula mapema.