Tupeane uzoefu: paswadi za watu mnazitunzaje kwenye databesi?

Wadau wa Kampala, Gulu, Mbarara na kwingineko, habari zenu. Tuelezane tuliyoyakuta kwenye mifumo tunayokabidhiwa, maana hizi ni siri za watu na mimi jambo hili linaniuma kweli. Naanza. Nilipewa mfumo wa SACCO moja huku magharibi nirekebishe ripoti, kufungua jedwali la wanachama nakuta kolamu ya paswadi imejaa e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e, mstari baada ya mstari, ileile. Hiyo ni MD5 ya 123456! MD5 ni njia ya zamani ya kupiga heshi, yaani kugeuza paswadi kuwa alama isiyorudishwa nyuma. Hakuna chumvi, yaani herufi za nasibu za kuchanganya na paswadi ya kila mtu kabla ya kuipiga heshi, kwa hiyo ukijua ya mmoja umejua ya wote, na wengi wao paswadi hiyohiyo ndo ya imeili. Nyie mmekuta nini?

Fundi wa Jinja: Mimi nilikuta mfumo wa shule wamesimba paswadi kwa AES, njia ya kusimba inayofunguka ukiwa na ufunguo, vizuri tu, halafu ufunguo umekaa kwenye faili la config.php seva hiyohiyo, mwizi akiingia anabeba vyote. Adobe mwaka 2013 waliibiwa paswadi zilizosimbwa kwa ufunguo mmoja, zinazofanana zikawa zinatoa herufi zilezile na vidokezo vya wenyewe viko wazi pembeni, watu wakazibashiri bila hata kuupata ufunguo. Paswadi haitakiwi kufunguka, hata wewe mwenye mfumo usiweze kuisoma. Piga heshi.

Dada wa Databesi: Na muangalie urefu wa kolamu jamani. Kuna ofisi walihamia bcrypt, njia ya kupiga heshi iliyotengenezwa kwa ajili ya paswadi, asubuhi kila mtu anaambiwa paswadi si sahihi, wakalaumu intaneti siku nzima. Kolamu ilikuwa VARCHAR(32), yaani mwisho herufi 32, ya enzi za MD5, heshi ya bcrypt ni herufi 60, na databesi yao ya zamani ya MySQL ilikuwa inakata mkia kimyakimya. Weka 255 ulale.

Kijana wa Arua: Wakubwa, shikamooni. Mbona nikiheshi upya paswadi aliyoandika mtu halafu nikaitafuta kwenye databesi kwa WHERE haipatikani?

Dada wa Databesi: Marahaba mdogo wangu. Kila ukiita password_hash ya PHP inatengeneza chumvi mpya, kwa hiyo paswadi moja inatoa heshi tofauti kila mara. Mtafute mtu kwa jina lake, chukua heshi yake, mpe password_verify ilinganishe. Chumvi imo ndani ya heshi yenyewe, usiitungie kolamu.

Fundi wa Jinja: Mleta mada, hao wanachama wa SACCO uliwahamishaje, ulisubiri waingie mmojammoja?

Mleta mada: Hapana ndugu, wengine hawaingii hadi msimu wa mikopo. Nilizipitisha MD5 zote kwenye bcrypt zilivyo, mtu akiingia mfumo unapiga MD5 kwanza ndo unahakiki, ikikubali unamwekea bcrypt ya paswadi yake halisi. Halafu nikaomba bekapu za zamani zifutwe, maana zile MD5 zimo humo bado, na flashi ya mhasibu nayo ilikuwa na nakala.