Mliovuka bahari kwa ndege usiku, tupeane uzoefu

Nakato wa Mukono: Habari zenu jamani. Shangazi anatakiwa Mumbai wiki ijayo kwa matibabu ya moyo, viza ipo, pesa tumechanga, sasa amegoma. Anasema zaidi ya nusu ya safari ni maji, injini ikizima watatua wapi? Mliopita huko mlijikazaje?

Mtoto wa Jinja: Banange umenikumbusha! Mimi nilimpeleka mama hukohuko, tumeshaacha Somalia nyuma, chini giza tupu, ndo wanagawa wali na dengu, mara ndege ikaanguka kama lifti iliyokatika kamba, sahani juu, dengu kwenye shati la mtu, na yule mhudumu akaacha kitoroli akakimbia kukaa akafunga mkanda, hapo nikajua leo tumekwisha. Nikavuta jaketi la kuokolea chini ya kiti nikavaa nikashika ile kamba ya kulijaza hewa. Mama ameshika rozari ananitazama tu, akasema, "Hiyo ya nini na wewe hata kuogelea hujui?" Dakika ishirini hivi za kurushwarushwa. Mhindi wa pembeni yangu hakuamka.

Boda_Ntinda: Mama kaua 😂

Aisha K: Msicheke, bora hakuvuta kamba. Ile ya Ethiopian iliyotekwa Novemba 1996 ikaishiwa mafuta ikaangukia baharini Komoro, 125 walikufa kati ya 175, na kuna waliojaza jaketi wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawapandisha juu wakashindwa kutoka. Jaza ukishatoka mlangoni!

Okello_G: Kaa viti vya nyuma. Ile ndege iliyoangukia ziwani Bukoba 2022, waliopona wengi walitokea nyuma, mvuvi aliwafungulia mlango kwa kasia.

Aisha K: Mlango alifungua mhudumu kwa ndani, usipotoshe.

Okello_G: Ulikuwepo?

Aisha K: Wewe ulikuwepo?

Mvuvi Kasenyi: Mimi ndege sijapanda hata siku moja ila hiyo ya 9 Machi 2009 niliiona. Alfajiri tuko ziwani tunavuta nyavu, likatoka dude la mizigo Entebbe linakwenda Mogadishu, moto unawaka, likapita likaingia majini. Watu 11, hakupona hata mmoja. Tulikuta mafuta yanaelea na vipandevipande, chini kule ni tope. Wiki mbili sikula samaki.

Boda_Ntinda: Mzee pole sana. Mlifika na mtumbwi?

Mtoto wa Jinja: Endelea ssebo.

Fundi Injini: Mnamtisha mgonjwa bure. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi njia ya baharini mpaka ithibitishwe kwamba moja ikizima, iliyobaki itaifikisha uwanjani, njia yenyewe inachorwa kwa kuhesabu dakika za kufika uwanja wa karibu. Na zikizima zote haianguki kama jiwe. Agosti 2001 Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki, ikaelea hewani kama dakika 19 ikatua visiwa vya Azores, watu 306 wote hai.

Okello_G: Ampe waragi kidogo, alale.

Aisha K: Mgonjwa wa moyo?! Amuulize daktari wake kwanza kama anafaa kuruka, halafu aombe kiti karibu na bawa, hapo mtikisiko unapungua.

Nakato wa Mukono: Nimemsomea yote. Ya Azores kaipenda, kaniambia nirudie mara mbili. Sasa anauliza hiyo ya 2009 ilirukia upande gani, na kama yake nayo itapita hapohapo. Mvuvi wee, umeniponza.