Lori la Bedford la jeshi lenye injini ya 6BD1: maunti (kishikizi cha injini) ya kushoto haikai

Spana_17:
Wakuu, habari za kazi. Kuna Bedford MK ya zamani ya jeshi huku Urambo, imefungwa injini ya dizeli ya Isuzu 6BD1 na gia boksi yake. Breketi za mbele zinazobeba injini ni chaneli (vyuma vya umbo la U) zilizochomelewa kwenye chesisi, mipira ya maunti ni vipande vya tairi. Ikiwa na mzigo wa tumbaku mchangani, ukiondoka na gia namba moja mpira wa kushoto unachanika na feni inakwangua rejeta. Wa kulia ni mzima kabisa. Tatizo nini?

Fundi_Isevya:
Ukienda mbele, injini inanyanyuka kushoto. Ukitia ribasi, kulia. Na maunti hazibebi nguvu ya injini tupu, zinabeba iliyokwisha kuzidishwa na gia. Tuseme injini inatoa Nm 350 (nyutoni mita, nguvu ya kuzungusha) mara uwiano wa 6 wa gia namba moja: Nm 2,100. Maunti zikiachana sentimita 60, kushoto kunavutwa juu kwa kama kilo 350. Weka mpira juu na chini ya breketi, bolti moja ya M14 (daraja la ugumu 8.8) ipite katikati, wosha pana ya mm 5 kila upande. Ndani tia bomba la chuma fupi kuliko mipira kwa mm 3 hivi. Nati ikigota bomba, mpira umebanwa kiasi, haujapondwa.

Mkono_wa_Grisi:
Tairi achana nalo, likilowa dizeli linavimba na kulainika. Tafuta mpira wa Isuzu. Halafu chesisi ya Bedford inajipinda sana porini: ukikaza injini pembe nne, kinachopasuka ni hausingi ya klachi. Weka maunti mbele mbili, nyuma moja ya katikati. Na nani alichomelea ukingo wa chesisi? Nyufa huanzia hapo hapo. Toboa ubavuni mwa chesisi, funga breketi kwa bolti nne za M12.

Spana_17:
Shukrani. Injini imeinuliwa ili sampu (bakuli la oili chini ya injini) isiguse difu ya mbele, sasa propela (shafti) fupi ya kwenda trensifa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) inatetema.

Fundi_Isevya:
Umeinua mbele, nyuma ukaiacha. Pembe ya gia boksi na ya trensifa zilingane, tofauti isizidi digrii 1, na krosi (kiungo cha propela) yenyewe isikunje zaidi ya digrii 3. Ongeza vibati chini ya maunti ya nyuma, kimoja kimoja, huku unapima. Hakikisha pia yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za propela ziko mstari mmoja. Nafasi kati ya sampu na difu ipime springi zikiwa zimegota, si lori likiwa tupu.

Mkono_wa_Grisi:
Usisahau waya mnene wa ethi (njia ya umeme kurudi betri) kutoka injini hadi chesisi. Mipira inakata njia ya umeme, kisha stata inarudishia umeme kwenye kebo ya akselereta na kuiunguza.