CCNA, MikroTik ao Network+? Njia gani ya kujifunza kupanga rezo ya kampuni kubwa

Himbi_Kwetu (Goma)
Jambo wakubwa na ndugu zangu. Niko stajeri wa informatiki, kuvuta kabli najua, kuunga suwichi najua, lakini sasa nataka kujifunza namna ya kupanga rezo ya kampuni kabisa, ile ya majengo matatu, watu mia tatu, kamera, simu za bilo, seva, yote. Naona njia tatu za kupata cheti: CCNA ya Cisco, ao MTCNA ya MikroTik juu huku njo vifaa navyokutana navyo kila siku, ao Network+ ya CompTIA ambayo haifungi mtu kwa kampuni moja. Pesa iko kidogo, umeme unaenda unarudi, mega zinaisha mbio. Mungeanza wapi?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Mdogo wangu, miye naona enda CCNA moja kwa moja. Si juu ya jina, ni juu masomo yake yamepangwa: mtihani wa 200-301 ulianza 2020, ndani mna kukata anwani (kuzigawa mafungu), VLAN (kugawa suwichi kuwa rezo ndogo ndogo), spanning tree (kuzuia ujumbe kuzunguka kati ya suwichi), OSPF (namna ruta zinaambiana njia), Wi-Fi, usalama. Packet Tracer, programu ya kuigiza rezo ndani ya mashini, iko ya bure, unafungua akaunti kwa Networking Academy ya Cisco basi, na masomo yao yako na Kifaransa pia. Huku kwetu matangazo ya kazi za migodi nayoyaona, CCNA njo banaandika. Mtihani ni dola 300, iko nguvu, lakini kusoma haikulazimishi kulipa leo.

Nguba_Fibri (Bukavu)
Sipingi CCNA ila yeye ameuliza *kupanga*, si kusanidi, na hapo iko tofauti kubwa. Cisco walikuwa na cheti cha kupanga, CCDA, wakakifunga 2020 wakati ule ule. Kwa hiyo unaweza kumaliza CCNA unaandika amri za OSPF vizuri sana na mtu akikuuliza kwa nini umeiweka hapo unakosa jibu.

Mi ningeanza na karatasi. Andika nani atatumia rezo, kitu gani kikikatika kazi inasimama, na baada ya miaka mitatu watu watakuwa wangapi. Kisha njo unachora matabaka: tabaka la kuingilia pale mashini, simu na kamera zinaungwa, tabaka la usambazaji pale VLAN zinakutana na unaweka sheria za nani apite wapi, na kiini ambacho kazi yake ni kupitisha tu, haraka. Kiini ni kama ron-pwan, ukiweka kizuizi cha kukagua kila gari katikati yake muji wote unasimama. Kwa watu mia tatu na majengo matatu usinunue matabaka matatu kamili, unganisha kiini na usambazaji kwa suwichi mbili zenye nguvu, zikiwa mbili ili moja ikikufa ingine ibebe. Hilo hakuna amri itakufundisha, ni kufikiri.

Tena sisi wa Kivu tuko na radi. Kati ya jengo na jengo vuta fibri, usivute shaba hata kama ni mita 40 tu, juu fibri haipitishi umeme. Wengi wanakumbuka fibri pale tu mita 100 za kabli ya shaba zinapita, lakini huku radi peke yake inatosha kuwa sababu.

Fundi_Majengo (Goma)
Nguba amesema vizuri juu ya radi. Miye niko upande wa MikroTik kwa yule ambaye hana franga: unaweka CHR (ruta ya MikroTik ya programu tu) ndani ya VirtualBox (programu ya kuigiza kompyuta ingine), CHR ya bure inakufunga kwa megabiti 1 kwa sekunde kwa kila porti, kwa kujifunza inatosha kabisa. Ila MTCNA kwa kawaida inapitia kwa mwalimu wao na darasa lake, kwa hiyo tafuta kwanza darasa liko wapi, na ujue suwichi za majengo makubwa hawazigusi sana.

Na kitu kingine wanasahau, umeme wa kamera. PoE (umeme unaopita ndani ya kabli ya rezo) ya kiwango cha 802.3af ni mpaka wati 15.4 kwa kila porti, kamera 24 zikivuta yote ni karibu wati 370, na suwichi nyingi za porti 24 hazitoi zote hizo pamoja. Soma karatasi ya kiwanda kabla ya kununua, kisha onduleri uihesabie mzigo ule, si mzigo wa suwichi peke yake.

Maman_Rezo (Lubumbashi)
Mwanangu, Network+ ni nzuri kwa kupata msingi mpana, maswali mpaka 90 kwa dakika 90, lakini pesa ikiwa ya mtihani mmoja tu mi ningeiweka kwa CCNA.

Chochote utakachochagua, usiruke spanning tree. Radia Perlman aliitunga 1985 ili uweze kuweka njia ya akiba kati ya suwichi bila ujumbe kuzunguka bila mwisho. Sasa, usipochagua wewe suwichi gani iwe mzizi (ile ambayo zingine zote zinahesabia njia kuelekea kwake), zitachagua zenyewe kwa anwani ya MAC (namba ya kiwanda ya kila kifaa) iliyo ndogo, na mara nyingi hiyo ni suwichi ya zamani kuliko zote, iko pale kwa mulinzi wa geti, na trafiki ya jengo zima inapitia kwake. Mzizi uweke kwa kiini, wa pili uwe ile ingine ya kiini. Jaribu kwa Packet Tracer, iko na kila kitu unachohitaji kwa hilo.

Himbi_Kwetu (Goma)
Aksanti sana wote. Basi nachukua masomo ya CCNA na Packet Tracer lakini kila somo nalifanyia mchoro wa karatasi kwanza. Nimeanza na anwani: 10.20.0.0, bilo /24 (namba hii ni ukubwa wa fungu, ikipanda anwani zinapungua), simu /24, wageni /24, kamera ziko 60 nimezipa /26 ili nisipoteze anwani. VLAN ya bilo ni moja kwa majengo yote. Iko sawa?

Nguba_Fibri (Bukavu)
Hapana kwa mambo mawili. /26 ina anwani 62 za kutumia, toa moja ya ruta, umebaki na nafasi ya kamera moja tu kuongeza, na anwani za 10 ni zako zote hakuna anayekuuzia, zipe /24. Pili, VLAN moja usiitandaze majengo yote, kitanzi cha ujumbe kikitokea jengo A kinaangusha na C. Kila jengo lipe fungu lake: A 10.20.0.0/20, B 10.20.16.0/20, C 10.20.32.0/20, kwa OSPF utaweza kutangaza kila jengo kwa mstari mmoja. Rudi uchore, utuwekee hapa, na uonyeshe fibri ya akiba inapita njia gani, isiwe ndani ya mtaro ule ule wa ya kwanza.