Tupeane uzoefu: kulipia redio ya setilaiti kwa ajili ya njia ya kazini, inalipa?

mtu_wa_frederick
Wadau wa Marekani habari za saa hizi. Naishi Frederick, Maryland, kazi iko Washington DC, barabara kuu ya I-270 lisaa na nusu asubuhi na jioni hivyohivyo. Leo miezi ya bure iliyokuja na gari imeisha, redio imekata katikati ya mjadala wa BBC nikabaki nasikia matairi tu. Muziki sina habari nao, mimi mtu wa maongezi, watu wapige simu wabishane. Nilipie au niache? Mliolipia semeni ukweli.

BintiPangani
Usilipe kaka. Hapo ulipo kuna stesheni za FM, WAMU 88.5 ni bure, WTOP 103.5 inakupa hali ya barabara kila dakika 10. Mimi nashusha Dira ya Dunia ya BBC usiku kwa WiFi, asubuhi nasikiliza njia hiyohiyo yako, bando haliguswi. Mijadala ya setilaiti ni ya nchi nzima, haikuambii pale Germantown kuna ajali.

mzizi_mkavu
+1

Mchagga_wa_SilverSpring
Mmenikumbusha mbali sana. Mzee wetu kule Moshi alikuwa na redio ya WorldSpace, wale wa setilaiti ya AfriStar iliyorushwa 1998. Kiantena bapa unakiweka dirishani, kazi yangu ilikuwa kukigeuza pole pole mpaka mzee aseme "hapo hapo, usiguse". Jioni majirani wanajaa sebuleni, BBC inasikika safi, hakuna ule mkwaruzo wa masafa mafupi. Nimekuja huku nakuta makao yao makuu yalikuwa hapahapa Silver Spring, na mwanzilishi ni Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Walifilisika 2008. Mzee ile redio anaifuta vumbi mpaka leo.

BintiPangani
Si ndo hapo, unalipia kitu ambacho siku yoyote kinazimwa

Mchagga_wa_SilverSpring
Dada, na hiyo podikasti yako iko kwenye mashine za nani? Mzee alisikiliza miaka, hajawahi kujuta hata shilingi.

dereva_masafa
Nilikuwa napita tu lakini hapa lazima niandike. Naendesha lori. Februari moja nilikuwa barabara kuu ya I-80, Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, wenyeji wanaijua ile sehemu ya Elk Mountain, upepo unalala na lori. Barabara ikafungwa tukiwa tumeshaingia, tukasimama hapo tangu jioni mpaka kesho yake asubuhi. Simu haina mtandao, FM ni mkwaruzo mtupu, kinachoongea ni setilaiti peke yake, chaneli ya Road Dog ya madereva. Usiku wa manane mtu akapiga simu studio akasema mliokwama kwenye theluji angalieni bomba la moshi, likifukiwa ule moshi unarudi ndani ya gari, una gesi isiyo na harufu wala rangi, unalala huamki. Bomba langu mimi liko juu, lakini nyuma yangu kulikuwa na gari dogo, mama na mtoto, nilishawapungia mkono jioni. Nikashuka na koleo. Upepo ulinitupa chini mara mbili. Theluji imefika kwenye bampa, bomba halionekani kabisa, injini inaunguruma, na ndani hakuna anayejibu. Nikagonga kioo kwa ngumi mpaka yule mama akafungua macho, hajui yuko wapi. Nikafungua mlango nikamtoa mtoto kwanza.

mzizi_mkavu
Ikawaje????

mama_wawili_Houston
Mungu wangu, mikono inatetemeka. Mtoto alipona?

dereva_masafa
Walipona wote. Tulilala kwenye lori langu watu watatu, mtoto amevaa jaketi langu, redio inaongea mpaka kunakucha. Ndo maana mimi hela hiyo sijawahi kuihesabu.

Kijana_wa_I45
Pole sana na hongera mkuu, ila mwenye mada kauliza I-270, si Wyoming. Pale mtandao haukatiki hata sekunde.

mama_wawili_Houston
Wewe kijana una roho gani? Mtu kaokoa uhai unamletea mambo ya mtandao

Kijana_wa_I45
Nimempongeza mama yangu, soma tena. Nasema tusimlipishe mtu wa foleni kwa sababu ya theluji ya Wyoming. Mimi nililipia mwaka mzima, nikija kuangalia nasikiliza chaneli mbili tu.

mpenda_mijadala
Lipa mwezi mmoja mmoja, usichukue mwaka. Na kabla hujalipa wapigie simu kampuni sema unataka kukata, mimi bei ilishuka.

Kijana_wa_I45
Mimi nilipiga haikushuka

mpenda_mijadala
Ulisema ukweli kwamba unaipenda?

Kijana_wa_I45
Ndio

mpenda_mijadala
Basi ndo hapo

mtu_wa_frederick
Nimesoma yote asanteni. Wiki hii najaribu njia ya BintiPangani ya kushusha usiku. Ila desemba naendesha kwenda Denver kwa shemeji, huo mwezi nalipia. Dereva, lile koleo unaliweka wapi kwenye gari dogo?

dereva_masafa
Nyuma ya kiti chako, ndani. Usiweke kwenye buti, buti likiganda halifunguki.