"Baba, kwani hili gari limetoka saluni?" Wakuu, leo nimedhalilishwa mbele za watu

Wakuu, naandika nikiwa bado nimekaa ndani ya gari nje ya geti la gereji moja kubwa, mikono inatetemeka. Siwataji. Wale wa vioo virefu na kahawa ya bure, mnawajua wote.

Sevisi ya gari langu nafanya mwenyewe uani, mwaka wa saba huu. Jeki, stendi mbili, spana namba 14, beseni. Nawasha injini dakika tano oili ipate joto, nazima, nafungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), naiacha oili ichuruzike mpaka tone la mwisho mimi nakunywa chai. Wosha ya nati mpya, filta mpya. Mpira wa filta naupaka oili kwa kidole, halafu nakaza kwa mkono. Mkono tu wakuu, siyo spana! Oili chafu anachukua jirani seremala, anapaka mbao mchwa wasile. Saa moja kazi imekwisha.

Safari hii mgongo umenibana, shemeji akanishikia bango: "Peleka kwa wenyewe, wana mitambo." Haya, nikapeleka. Lakini mimi nimekulia Temeke, mafundi nawajua. Jana usiku nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaweka nukta kwenye filta ya oili. Nyingine nikaiweka pale nati inapokutana na sampu, ukifungua lazima ipasuke.

Nimekaa kwenye kochi lao muda ambao mama anajifungua na mtoto anaota meno. Risiti ikaja: laki tatu na arobaini. Filta ya oili, mpya. Oili, lita 5. Injini yangu inakunywa lita 3.7 pamoja na filta, hiyo lita na ushee nyingine wamekaangia maandazi?

Nikainama na tochi ya simu. Nukta yangu ile pale. Inang'aa kama kucha ya bi harusi. Ya kwenye nati haina hata ufa. Nikachomoa stiki ya kupimia oili, oili nyeusi kama lami ya Kilwa Road.

Nikamwita kijana wa mapokezi, shati jeupe, umri wa mwanangu wa pili. Nikamwonyesha. Akainama, akatazama, akainuka, akapaza sauti kama mpiga debe wa Mbagala:

"Baba, kwani hili gari limetoka saluni?"

Watu wote wakaangua kicheko. Mama mwenye mtoto mgongoni alicheka. Mlinzi alicheka mpaka akashikilia geti. Hakusema samahani. Hakusema ngoja nimuulize fundi. Saluni! Nimelipa laki tatu na arobaini ili niulizwe habari za saluni. Filta ni ile ile, oili ni ile ile, halafu mwenye kosa ni mimi niliyeweka alama.

Gari langu haliguswi tena na mtu mwenye shati jeupe. Mgongo ukivunjika, uvunjike.

Mkwezi wa Tegeta: Pole mkuu. Ila uzi bila picha haunogi. Tuone hiyo kucha.

Kobe Mzee: Ya mke wangu haimalizi siku tatu inabanduka, yako imevumilia moto wa injini. Mkuu naomba jina la hiyo rangi.

Mleta uzi: Kobe, mimi sicheki. Mtu kanitamkia saluni mbele ya watoto.

Spana ya Urithi: Usikimbilie kulaumu. Gereji nyingi siku hizi hawafungui nati, wanafyonza oili kwa juu na pampu, kupitia tundu la stiki.

Mleta uzi: Na filta nayo inafyonzwa? Na ile nyeusi niliyoikuta kwenye stiki ni nini, uji wa ulezi?

Mkwezi wa Tegeta: Hapo Spana kachomekewa.

Dada wa Boko: Nyie wa uani msijifanye malaika. Mume wangu alikaza nati ya sampu kwa kutumia bomba refu kama mwichi, uzi wa nati wote ukafa. Sampu nzima tukaifuata Gerezani kwenye maduka ya spea. Na gari lilikuwa kwenye jeki tupu, stendi hana. Lingeteleza saa hizi niko eda.

Spana ya Urithi: Nakazia. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia chini yake. Na gia boksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za hatua) ina oili yake. Jirani yangu alitia ATF ya kawaida, ile oili ya gia boksi za otomatiki nyingine, gari sasa hivi ni banda la kuku.

Mleta uzi: Mimi stendi ninazo. Nimeandika stendi mbili. Mnasoma kweli?

Kobe Mzee: Tumesoma mpaka kwenye saluni.

Abiria wa Mwisho: Bora wewe filta yako imebaki. Mimi nilipeleka gari kubadilisha balbu, tairi la spea jipya likarudi kipara. Nikauliza, nikaambiwa limechakaa humo humo kwenye buti.

Bi Kitenge: Mnalia na tairi? Fundi nguo wangu nilimpa kitambaa mwezi wa pili, sare ya harusi ya mdogo wangu. Harusi imepita, mdogo wangu ana mimba ya miezi sita, nguo "imebaki kifungo".

Dada wa Boko: Kifungo! Wa kwangu kila nikienda "umeme ulikatika". Anashona kwa cherehani ya mguu!

Abiria wa Mwisho: Wa kwangu nilimkuta kwenye kipaimara amevaa suruali yangu.

Mkwezi wa Tegeta: Aiseee. Ulimfanyaje?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye filta. Alisema SALUNI. Watu kumi na tano wamesikia.

Bi Kitenge: Subiri kidogo kaka. Dada wa Boko, huyo wa cherehani ya mguu ana kibanda cha bluu karibu na mashine ya kusaga? Isije ikawa tunaliwa na mtu mmoja.