Java: nitumie maktaba gani ya HTTP (ya kuongea na seva mtandaoni)?

Wakuu habari, nina programu ya Java 17 inaita API (mlango wa programu kuongea na mfumo mwingine) ya malipo, saizi natumia HttpURLConnection ya Java yenyewe, code imekuwa ndeeefu inaboa, nihamie maktaba za nje kama OkHttp au Apache HttpClient?

— Mkuu wala huhitaji jar mpya (faili la maktaba ya nje), tangu Java 11 ya 2018 kuna java.net.http.HttpClient humohumo ndani, HTTP/2 (toleo la pili la HTTP) inayo, sendAsync (kutuma bila kukaa unasubiri jibu) ipo, ila weka .timeout() (kikomo cha muda wa kusubiri) mwenyewe maana usipoweka inasubiri mpaka kesho, mi iliniganda usiku kucha 😅

— OkHttp inakuja na timeout ya sekunde 10 tayari. Kama ni Android hiyo ya ndani haipo, chukua OkHttp tu.

— Apache HttpClient 4 kuwa makini, usipogusa settingi inaruhusu koneksheni 2 tu kwa kila seva, foleni kama daladala za Mbagala

— Poa, naanza na ya ndani. Asanteni